Orodha ya Wapiga Kelele Tunayo. Ya Walionyamaza Iko Wapi?

Wasee, leo hakuna mzaha. Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya zile video za matroni na naibu wa mwalimu mkuu. Zitarudi. Leo nataka tugombane kidogo.

Swali moja kwanza. Ukikosa kufika shuleni kesho, nani atakuwa wa kwanza kuuliza uko wapi? Simaanishi mwalimu anayeita rejista. Namaanisha mwanafunzi mwenzako. Kama jina limekuja haraka kichwani, shukuru Mungu, kisha uendelee kusoma, ju hii posti inakuhusu wewe zaidi ya yeyote. Kama hakuna jina limekuja, kaa hapa na mimi. Kuna wakati mimi pia sikuwa nalo.

Lakini kabla sijajionea huruma, acha niwaambie nilichomfanyia mtu.

Kidato cha pili, muhula wa pili, shule ya wasichana ya mabweni ambayo sitaitaja. Msichana mmoja alihamia darasani kwetu kutoka shule nyingine. Siku ya kwanza mtu akauliza, "Huyu transfa atakaa wapi?" Basi hilo likawa jina lake. Transfa. Hadi kidato cha tatu bado alikuwa Transfa. Deski lake lilikuwa nyuma kabisa, kando ya kabati la vitabu, kwa sababu hapo ndipo palikuwa wazi siku hiyo. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba deski ni kitu kinachoweza kusogezwa.

Hatukumpiga. Hatukumtusi. Hatukumwibia sabuni. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu hapo ndipo uongo wetu unapojificha. Ungeniuliza wakati huo kama darasa letu lina uonevu ningekuapia hapana, sisi ni watu wazuri. Tulikuwa tu na meza yetu, vitanda vyetu na stori zetu za tangu kidato cha kwanza, na yeye hakuwemo kwenye hizo stori. Akikaribia tulinyamaza. Si kwa ubaya, ni vile tu hangeelewa tunacheka nini. Sisi tukinyamaza, yeye anaondoka. Akiondoka, tunaendelea.

Kidato cha tatu, muhula wa tatu ulipofunguliwa, hakurudi. Siku ya nne ndiyo mwalimu wa darasa aliuliza nani anajua aliko. Tulikuwa wasichana 48 mle ndani. Hakuna aliyejua anatoka mtaa gani. Hakuna aliyejua kama ni ugonjwa au ni karo. Mmoja akasema, "Labda amefanya transfa tena," na darasa likacheka. Mimi pia nilicheka. Kufikia Ijumaa deski lake lilikuwa limejaa mabegi yetu.

Sasa nisikilize. Kila darasa nililowahi kukaa Kenya lilikuwa na orodha ya wapiga kelele. Kiranja anakaa mbele, kikaratasi mkononi, anaandika majina. Ukinong'ona unaandikwa. Ukiandikwa mara tatu unapata alama ya "x 3" kando ya jina lako na unaenda kupiga magoti kule ofisini. Tumezoea hivyo tangu shule ya msingi. Mwanafunzi mbaya ni yule anayesikika. Mwanafunzi mzuri ni yule asiyesikika. Ndiyo maana mtoto anaweza kumaliza muhula mzima bila kuzungumza na mtu, na fomu ya ripoti inarudi nyumbani imeandikwa "mtulivu, ana nidhamu, aendelee hivyo hivyo."

Aendelee hivyo hivyo! Mtu anazama na mnampigia makofi kwa sababu harushi maji.

Hoja yangu leo ni moja tu. Upweke shuleni si tabia ya mtu. Ni kazi ya mikono mingi. Tunaufanya sisi, kidogo kidogo, kila mmoja na kipande chake kidogo ambacho hakimfanyi ajione mkosaji. Na kwa kuwa tumeufanya sisi, sisi ndio tunaweza kuutengua. Lakini kwanza tukubali kuuona.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Kwani kila mtu lazima awe na mbogi? Wengine tunapenda kukaa peke yetu." Kweli kabisa, na sitaki kumsumbua mtu anayefurahia kitabu chake chini ya mti. Tofauti ni hii: anayependa kuwa peke yake ana mahali pa kurudi. Akichoka na kitabu, kuna meza atakaa bila kuomba ruhusa. Aliyeachwa hana hiyo meza. Wote wawili ukiwaona kwa mbali wanafanana, ndiyo maana kuangalia kwa mbali hakutoshi.

Angalia saa ambazo hazina ratiba. Darasani kila mtu ana kiti chake, mwalimu anaongea, hakuna wa kumtambua mpweke. Kengele ikilia ndiyo shida inaanza. Kuna yule anayefika kula wakati wengine wanaosha sahani, kila siku, ati alikuwa anamalizia hesabu. Ukweli ni kwamba hataki kusimama katikati ya ukumbi na githeri mkononi akitafuta pa kukaa huku watu wanamwangalia. Kuna yule anayeugua Jumamosi na Jumapili pekee, Jumatatu amepona. Kuna wa shule ya kutwa anayetembea polepole makusudi ili afike kengele ikilia, asisimame peke yake uwanjani. Kuna anayegawa vitu vyake vyote wiki ya kwanza, biskuti, sukari, hadi mafuta ya kujipaka, ananunua wiki moja ya kuitwa rafiki. Kuna anayejifanyia mzaha mwenyewe kabla wengine hawajamfanyia. Na kuna yule ambaye siku ya wazazi kutembelea watoto anajitolea kupanga viti na kuosha sufuria, mnamwita mchapakazi, kumbe anajificha kwa sababu hakuna atakayemjia na hakuna mkeka atakaoitwa.

Tena huwa si bahati mbaya ni nani anaachwa. Ni aliyehamia katikati ya mwaka. Ni aliyetumwa nyumbani karo wiki tatu, akirudi anakuta vikundi vimepangwa na stori zimemwacha. Ni anayechekwa lafudhi kila akisimama kusoma. Ni aliyewahi kukojoa kitandani mara moja tu, kidato cha kwanza, na bweni zima likakataa kusahau. Ni mwenye kifafa, ambaye wenzake waliambiwa na mtu mjinga kwamba inaambukiza. Ni msichana anayekosa pedi na kuamua ni heri asikae karibu na mtu.

Na mwaka huu wameongezeka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za sekondari ya juu. Kuna aliyechagua mkondo wake, akapangiwa shule kaunti nyingine, akafika na sanduku na godoro bila kumjua hata mtu mmoja. Huko juu yake kuna kidato cha tatu na cha nne, watu wa mfumo mwingine kabisa wanaomwona kama mgeni wa CBC. Tulibishana miezi mingapi kuhusu madarasa, walimu na vitabu vya Gredi ya 10? Hiyo ilikuwa muhimu, sikatai. Lakini nani aliuliza huyo mtoto atakula na nani?

Wakubwa hapa ndipo wanaingia na ile sentensi yao: "Sisi tulivumilia, na tukatoka sawa." Mjomba, nakuheshimu, lakini hebu fikiria. Ile grupu yenu ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, mnaposimuliana vile mlinyanyaswa mkiwa mono na mnacheka, nani yumo? Ni waliovumilia. Ambao hawakuvumilia hawamo. Hamna hata namba zao. Hamjui kama walihama, waliacha shule au walizikwa. Mnahesabu waliofika mkasema basi ni salama.

Wengine wanasema ni simu. Ati watoto wa siku hizi wameharibiwa na TikTok, hawajui kuongea na watu. Sawa, mimi nakula kupitia TikTok na nitakubali simu ina makosa yake. Ila nielezeni kitu kimoja. Kwetu bwenini simu zilipigwa marufuku. Ukipatikana nayo unarudi nyumbani na barua. Tulikaa miezi mitatu bila skrini, tukiamka saa kumi na moja pamoja, tukila pamoja, tukilala vitanda viwili viwili kama sahani kabatini. Na Transfa alikuwa mpweke kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona mtandaoni. Kuwa na watu wengi karibu yako siyo kuwa na watu.

Kisha kuna dawa inayopendwa na shule zetu: mgeni wa kuhamasisha. Unamjua. Anakuja Jumamosi moja kwa muhula, suti ya bluu, spika mbili kubwa, anasimama mbele ya wanafunzi elfu moja. Anaanza, "Mgeukie jirani yako umwambie: wewe ni mshindi!" Jamani, umewahi kuwa wewe ambaye kulia wamegeukiana na kushoto wamegeukiana? Unabaki ukiangalia kisogo cha mtu na kutabasamu ili usionekane. Halafu mgeni anapewa soda, anapigwa picha na mwalimu mkuu, na shule inaandika kwenye faili kwamba afya ya akili imeshughulikiwa.

Ofisi ya ushauri nasaha je? Ipo. Kwetu ilikuwa mlango unaotazamana na chumba cha walimu, na mwalimu wa ushauri ndiye huyo huyo aliyekuwa kwenye kamati ya nidhamu. Ukionekana umesimama pale, kufikia jioni bweni zima linauliza umefanya nini. Simlaumu yule mwalimu. Alikuwa na vipindi vingi kuliko saa za siku. Nalaumu wanaodhani mlango wenye kibandiko ni msaada.

Na hii si drama ya Gen Z. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke. Kwa walio kati ya miaka 13 na 29, ni kati ya asilimia 17 na 21 wanaosema ni wapweke, na walio juu zaidi ni wa umri wa kuvaa yunifomu. Ripoti hiyo hiyo inasema kijana mpweke ana uwezekano wa asilimia 22 zaidi wa kupata alama za chini. Mwalimu mkuu, wewe ambaye kila Jumatatu paredi unahubiri alama ya wastani, hiyo ni lugha yako. Ukimwokoa mtoto kwa sababu ya alama tu, mimi sitakataa. Anza hapo.

Sasa, kumtambua aliyeachwa hakuhitaji mashine wala daktari kutoka ng'ambo. Kuna kisa cha zamani kuhusu hili. Mwaka 1932, katika shule moja ya wasichana huko Hudson, jimbo la New York, Marekani, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Ilikuwa shule ya kurekebisha tabia, wasichana wakiishi humo humo katika nyumba mbalimbali. Jibu rahisi lingekuwa kwamba hao 14 ni watundu. Daktari mmoja wa akili, Jacob Moreno, alifanya kitu tofauti. Aliwauliza wasichana wa shule hiyo wangependa kuishi na nani, kisha akachora ramani: duara kwa kila msichana, mstari kutoka kwa anayechagua hadi kwa aliyechaguliwa. Aliona kwamba kutoroka kulifuata hiyo mistari, nani ameshikana na nani, kuliko tabia ya msichana mmoja mmoja. Na kwenye ramani kulikuwa na maduara ambayo hakuna hata mstari mmoja ulioyafikia.

Karibu miaka 100 imepita. Mwalimu wa darasa wa Kenya anaweza kufanya hivyo Jumatano moja kwa karatasi ya daftari. Kila mwanafunzi aandike majina ya watatu ambao angependa kukaa nao. Mwalimu akusanye, aende nazo nyumbani, asizisome mbele ya mtu yeyote, kisha atafute jina ambalo halijaandikwa na yeyote. Hiyo ndiyo orodha ya walionyamaza. Inachukua dakika kumi, na haihitaji bajeti ya wizara.

Kwetu karatasi kama hiyo ingeonyesha jina la Transfa mara sifuri. Mwalimu angejua muhula mzima kabla hajaondoka.

Ukishajua, unafanya nini? Usimwite mbele na kutangaza, "Naomba mumpende mwenzenu." Utammaliza. Badilisha mpangilio wa vitu. Ile sentensi "jipangeni wenyewe vikundi vya watano" ni sentensi ya kikatili, na walimu wanaisema kila wiki bila kujua. Panga wewe vikundi. Na umpe kila mtu kipande ambacho wengine wanakihitaji. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson alifanya hivyo katika shule ambazo watoto weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wameanza kusoma pamoja na wanapigana. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto kwenye kikundi akapewa kimoja, na wengine hawangeweza kulielewa lote bila kumsikiliza yeye. Huyo mliyemdharau ndiye ana kipande cha mtihani wako. Utamsikiliza tu. Na mtu ukishamsikiliza mara tatu, ni vigumu kuendelea kumwita Transfa.

Na hapa nyumbani pia tuna mfano. Kuna shirika la Shamiri, ambalo Mkenya Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake. Wanawatumia vijana waliomaliza sekondari juzi tu kukaa na wanafunzi katika vikundi vidogo shuleni. Mwaka 2021 utafiti wao kwa wanafunzi 413 wa sekondari za Kenya ulichapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokaa kwenye vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Wiki nne tu, kikundi kidogo, kijana anayejua lugha yako. Si suti ya bluu na spika mbili.

Lakini sitaki kuwaachia walimu kila kitu, kwa sababu wakati Transfa anazunguka na sahani yake, mwalimu hakuwa ukumbini. Mimi nilikuwa.

Hapa ndipo nawageukia nyinyi, watu wangu. Juni 2024 tulikuwa barabarani. Mnakumbuka? Tuligawana maji na watu ambao hatukuwajua. Mtu akianguka, wanne wanamwinua. Tulichangia bili za hospitali za majeruhi ambao hatujawahi kuwaona, mtu anatuma finje yake ya mwisho. Hakuna aliyeuliza "huyu ni mbogi gani?" Kizazi hicho hicho ndicho kinashindwa kutoa begi kwenye kiti ili mwanafunzi mwenzake akae. Tunajua kuungana tukiwa na adui mkubwa. Adui akiwa ni uvivu wetu wenyewe, tunazubaa.

Kwa hivyo mambo ni haya, na yote ni madogo.

Tumia jina lake. Jina alilopewa na mamake, si la utani ambalo hakulichagua.

Mwalike kwa kitu chenye saa. "Ukitaka kuja njoo" si mwaliko, hiyo ni heshima ya kumfukuza mtu polepole. Sema, "Saa nane tunaenda kufua, lete ndoo yako twende." Hapo hana haja ya kubahatisha kama unamaanisha.

Mkiwa mnacheka na akafika, mwambieni kisa kilianzaje. Sentensi mbili tu. "Huyu jana aliingia darasa lisilo lake, akakaa dakika ishirini." Basi, ameingia kwenye stori.

Akikataa mara ya kwanza, rudia wiki ijayo. Mtu aliyezoea kuachwa atadhani ni mtego, na ana sababu ya kudhani hivyo.

Aliyetumwa karo akirudi, mmoja wenu awe amemwekea noti na habari zote za bweni. Siku ya wazazi, angalia nani hana mkeka, umwite kwenu. Chapati moja haitawafilisi.

Na tafadhali, usimfanye mradi. Usitoe simu likizoni ukampiga video akilia ukiandika "tuwapende wapweke." Najua hii biashara, niko ndani yake. Wema unaohitaji kamera ni matangazo.

Jambo la mwisho ni zito. Akikuambia hataki kuishi, hata kama ni kwa mzaha, hata kama amekuapisha usiseme, hiyo siri huibebi. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Namba ya kuwasaidia watoto, 116, ni ya bure, usiku na mchana. Heri akukasirikie akiwa hai.

Na wewe uliyebaki hapa tangu swali la kwanza, wewe ambaye jina halikukuja. Sitakuambia "jiamini." Nitakuambia unachoweza kufanya. Usitafute mbogi, tafuta mtu mmoja. Mara nyingi kuna mwingine anayekula akichelewa kama wewe. Nenda mahali ambapo mikono ina kazi: kwaya, drama, skauti, shamba la shule, maktaba. Ukiwa na kazi mkononi hulazimiki kutafuta la kusema, maneno yanakuja yenyewe. Mtafute pia mtu mzima mmoja, hata kama ni mpishi. Wapishi wa shule wanajua mambo mengi kuliko bodi. Na ukijaribu ukakosa, usihitimishe kwamba una kasoro. Huenda umekaa tu karibu na watu kama mimi wa wakati huo.

Nilisema mimi pia sikuwa na jina. Niliripoti chuo kikuu nimechelewa wiki mbili, nikisubiri karo. Vikundi vya kazi vilikuwa vimeshapangwa kwenye WhatsApp. Niliandikia vikundi vitatu. Majibu yote yalikuwa neno moja: "Tumejaa." Nilifanya kazi ya kikundi nikiwa kikundi cha mtu mmoja. Ukumbini tulikuwa mamia, na kwa keja yangu ya bedsita nilikuwa naweza kukaa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu bila kusikia sauti yangu. Muhula wa pili nikaacha kwenda. Wiki tatu zilipita. Ujumbe pekee uliokuja kutoka darasani ulikuwa wa msee anayekusanya pesa: "Hujalipa finje ya fotokopi."

Nililipa. Sikurudi. Kulikuwa pia na mambo ya karo, sitawadanganya kwamba ni upweke peke yake. Lakini mtu mmoja angeuliza "uko wapi?" ningejaribu muhula mwingine. Mnaonicheka kwa komenti kwamba nilifeli chuo, sikufeli mtihani hata mmoja. Niliondoka tu, vile Transfa aliondoka, na deski langu likajaa mabegi.

Mwaka jana alinitumia ujumbe. Alikuwa ameona ile video ya matroni, akanitambua. Nilimwomba msamaha, nikamuuliza ni nini kilikuwa kigumu zaidi, nikitarajia ataniambia lile jina. Aliandika: "Ni mezani. Kila siku mara tatu nilikuwa nachagua pa kukaa." Piga hesabu ya muhula mmoja wa wiki 13. Amenikubalia niandike haya mradi nisimtaje. Neno Transfa nimelitumia hapa ili mjue tulichofanya, na hii ni mara ya mwisho.

Kesho kiranja akianza kuandika wapiga kelele, geuka uangalie nyuma. Mkitoka, chukueni hilo deski wawili mlisogeze mbele kidogo.

Video ya matroni ni Ijumaa.